Mistari ya Mbaruku Kamba

Mzee Mbaruku wa Zinga alikuwa haambiliki kwa mambo mawili: chai ya rangi isiyo na tangawizi, na mtu anayesema trekta ni gari. Gari, alikuwa akisema, linakupeleka mahali. Trekta linakaa mahali mpaka kazi iishe. Ukimbishia, adhana ya magharibi itakukuta hapo hapo barazani kwake, na bado hutakuwa umeshinda.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza juu ya kiti cha trekta la Abdulswamad, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Bagamoyo mjini, ambaye trekta hilo alilirithi kwa baba yake pamoja na dereva. Kila msimu Mbaruku alilima mashamba ya watu kuanzia Kaole mpaka Makurunge. Makurunge ndiko walikompachika jina la Kamba, kwa kuwa mistari yake ilinyooka utadhani mtu amepita kwanza na kamba ya fundi mwashi. Wenye mashamba walikuwa radhi kungoja wiki nzima apatikane yeye kuliko kumchukua dereva wa karibu.

Siri yake haikuwa siri, kila aliyeuliza aliambiwa. Kabla ya mstari wa kwanza Mbaruku alitembea kwa miguu hadi mwisho wa shamba, akachomeka kijiti kirefu chenye kitambaa cheupe. Akarudi, akapanda, akasema bismillahi, kisha akalipanga bomba la moshi na kile kijiti mpaka vikawa kitu kimoja machoni mwake. Hapo tena hakuna salamu, hakuna nzi, hakuna simu. "Usitazame pembeni," aliwaambia madereva waliokuja kujifunza kwake. "Pembeni hakulimwi." Mstari wa kwanza ukishanyooka, inayofuata ni mteremko: gurudumu la kulia linashuka kwenye mtaro uliotangulia, na dereva anatupa jicho mbele, halafu nyuma kulia kwenye plau, mbele na kulia, mbele na kulia, mpaka adhuhuri. Kushoto ni pori ambalo hujalifikia bado, na Mbaruku hakuona sababu ya kulitazama pori.

Sasa mtu aliyeshinda juma zima akitikiswa na trekta ungetarajia siku ya Ijumaa alipumzikie mbali. Thubutu! Ijumaa baada ya sala ya alasiri, bado yumo ndani ya kanzu yake, Mbaruku alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye stesheneri ya Nadhira, pale kando ya barabara kuu, kuzungumza matrekta.

Nadhira alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mtoto wa wafanyabiashara wa Pangani, aliyeolewa Zinga na kufungua duka la kutoa kopi na kuchapa barua. Siku aliyoingia Mbaruku kutoa kopi ya kitambulisho, miaka mitatu nyuma, hapakuwa na wateja, na Nadhira alikuwa kwenye kompyuta yake akicheza gemu la kilimo. Shamba zima lilikuwa kwenye kioo, na trekta jekundu, na haro la kuvunjavunja mabonge nyuma yake. Mbaruku akasahau kitambulisho. Alisimama nyuma ya yule binti wa watu akajikaza, akajikaza, mwisho uzalendo ukamshinda, akamwambia ameshusha haro kabla hajamaliza kukata kona, na kwamba kwenye udongo wa kweli angekuwa ameshalipinda. Nadhira si mtu wa kusemwa kisogoni. Akainuka, akamwachia kiti.

Mbaruku aliliingiza trekta ghalani, kupitia ukutani. Wakati mikono inahangaika na vitufe, mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya meza unatafuta klachi, ukasukuma huku, ukasukuma kule, mpaka ukaipiga teke waya ya umeme. Kompyuta ikazimika, na barua ya mteja ya kuomba kazi, ambayo ilikuwa bado haijahifadhiwa, ikapotea nayo. Nadhira aliichapa upya usiku ule ule huku anacheka. Ijumaa iliyofuata mzee akarudi, safari hii bila kitambulisho.

Wa tatu wao alikuwa Abdulwahab, seremala wa Kaole. Mgongo ulipomkataza kuchonga vitanda, aligeukia kuchonga matrekta madogo: vipande vya mninga, bati la makopo ya mafuta ya kula, na magurudumu ya ndala zilizokwisha. Ole wako uyaite midoli ya watoto. Alikuwa anakwenda na futi yake kupima matrekta ya kweli, na plau lake la urefu wa kidole liliinuka na kushuka kwa waya. Yeye na Mbaruku waliwahi kubishana wiki mbili juu ya nati za gurudumu la nyuma. Abdulwahab alikuwa ameweka sita, Mbaruku akashikilia ni nane. Mwisho wakapanda pikipiki hadi kwenye yadi ya Abdulswamad kuhesabu, na zilikuwa nane. Abdulwahab alilitengeneza upya lile gurudumu, akamnunia mwenzake mpaka Jumatano.

Lakini walipendana, na hilo halikuwa na ubishi. Kila mmoja alikuwa na kipande ambacho wenzake hawana. Mbaruku alijua udongo, Abdulwahab alijua chuma kimeungwaje, na Nadhira, ambaye maisha yake yote hajawahi kupanda trekta la kweli hata la kupigia picha, alijua kupanga msimu mzima kichwani, kipi kipandwe baada ya kipi. Bi Sikuzani, mke wa Mbaruku, aliwaita Kamati Kuu. Aliwaambia majirani kuwa wanawake wengine wanahangaika na wake wenza wanaopenda dhahabu, wa kwake yeye anakunywa dizeli. Mbaruku alikuwa akiambiwa hivyo anafurahi, anauliza kama yule mwenziwe ameshasalimiwa leo.

Basi mwaka huu, kabla ya mvua za masika, Nadhira akarudi kutoka Dar na usukani wa gemu, wa mtumba, wenye pedali tatu chini. Tatu, maana yake na klachi imo. Abdulwahab akatengeneza benchi, akafungia juu yake kiti chakavu cha trekta alichokiokota gereji, na Ijumaa hiyo Kamati Kuu ikatangaza mashindano. Shamba moja, haro moja, anayeacha vipande vichache ndiye mshindi. Zawadi ilikuwa trekta la Abdulswamad lenyewe, la mninga, nati zake nane. Mbaruku alikuwa ameshaliandalia mahali juu ya kabati.

Nadhira alianza, akatoka safi. Abdulwahab akasema yeye ni mwamuzi, mgongo haumruhusu. Mbaruku akapandisha kanzu, akakaa, mguu wake wa kushoto ukashuka na kuikuta klachi pale pale inapotakiwa kuwa, akatabasamu hadi jino la mwisho. Bismillahi.

Alipokuwa anakwenda, na sehemu iliyokwisha kupigwa haro iko mkono wake wa kulia, mambo yalikuwa barabara. Alipogeuza na kurudi, na ile sehemu imekuwa kushoto, akaanza kuacha. Akienda safi, akirudi anaacha ukanda. Akagonga uzio. Akagonga uzio tena. Halafu akamgonga ng'ombe aliyekuwa amesimama zake kando ya shamba. Alipomaliza, shamba lilikuwa na milia mitupu, kama kikoi. Abdulwahab alicheka mpaka akashika kiuno.

"Huyu ng'ombe katoka wapi?" Mbaruku aliuliza, na hakuwa anatania.

"Alikuwa hapo tangu mwanzo, mzee wangu," akasema Nadhira.

"Hakuwapo. Gemu lako linaficha vitu."

Nadhira naye alikuwa anacheka, kisha akaacha. Alilitazama lile shamba la milia kwa muda. Huko mashambani Mbaruku alikuwa mtu wa plau tu, maana Abdulswamad hakuwa na haro, na plau halijawahi kumtaka atazame kushoto. Hilo Nadhira hakulijua. Alichokijua ni mama yake, kule Pangani, aliyekuwa akigonga milango iliyo wazi na kuwalaumu walioijenga. Akamwomba Mbaruku akae amtazame yeye puani, asiyatoe macho hapo. Akachukua matrekta mawili ya Abdulwahab kutoka kwenye rafu, akamwambia aseme akiliona mojawapo.

Lile la kulia, Mbaruku alisema limefika likiwa bado usawa wa sikio. Lile la kushoto lilipita sikio. Likapita shavu. Abdulwahab alikuwa bado na kicheko mdomoni, kikamkauka. Nadhira aliendelea kulisogeza taratibu, na mzee alikuwa ametulia, anangoja kwa adabu lianze kuja. Alisema "sasa" lilipokuwa karibu kumgusa pua.

"Mama yangu alianza hivi hivi," Nadhira akamwambia. "Ni presha ya macho. Haiumi, ndio ubaya wake. Nakuomba, baba yangu, ukapimwe kabla hujapanda tena trekta."

Mbaruku akainuka. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu hofu, na mtu mwenye vyote viwili kwa mpigo huwa hasemi neno zuri. Alimwambia Nadhira kwamba mtu anayelima kwa vidole hawezi kumfundisha yeye macho. Akageuka kutoka, bega lake la kushoto likaigonga rafu ya madaftari, yakamwagika yote. Hakuna aliyecheka. Nadhira aliokota daftari moja moja, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Siku mbili zile Mbaruku hakuwa na raha. Nguzo ya geti la Abdulswamad ilimjia kichwani. Mwaka huu pekee alikuwa ameikwaruza mara tatu, na mara zote alimlaumu aliyejenga geti jembamba. Geti lile lilikuwa na umri sawa na Jasmin, binti yake, ambaye sasa ana watoto. Lakini alijiambia kuwa mstari hausemi uongo. Jumatatu ana shamba Makurunge. Akipiga mstari ukapinda, atakubali. Ukinyooka, Nadhira atamwomba radhi. Bi Sikuzani hakuambiwa kitu.

Shamba lilikuwa la muhogo wa zamani, na kama ilivyo kawaida ya huko, wanawake wa jirani walikuwa wamekuja mapema kukata miti ya muhogo ya mbegu kabla plau halijaifukia. Mbaruku alikwenda kuchomeka kijiti chake. Akarudi, akapanda. Kitambaa cheupe alikiona vizuri, hata nyuzi za pindo lake aliziona. Akaondoa trekta, na mstari ulipoisha akageuka kutazama, ukawa umenyooka kuliko yote aliyowahi kupiga. Moyo ukamtulia. Akapiga wa pili, wa tatu, wa nne, na wakati wote alikuwa anayapanga maneno atakayomwambia Nadhira, makali kiasi, lakini si sana, kwa sababu anampenda.

Katika mstari wa tano alimwona mwenye shamba, kule mbele, anapunga mikono miwili. Mbaruku akadhani ni sifa. Hakumjibu, kwa kuwa kwenye mstari yeye hajibu salamu. Yule bwana akaanza kukimbia, akaja kusimama katikati kabisa, mbele ya bomba la moshi, mahali ambapo Mbaruku hangeweza kutomwona. Mbaruku akakanyaga klachi na breki kwa pamoja.

Ilibidi ageuze shingo yote. Mwanvita, mama wa Makurunge ambaye alimfahamu kwa miaka, alikuwa ameanguka kitako kwenye udongo, hatua moja kutoka gurudumu la mbele la kushoto. Mzigo wake wa miti ya muhogo ulikuwa chini ya gurudumu, na ndala yake moja.

Mbaruku alizima injini, akashuka, akazunguka pua ya trekta ameishikilia kwa mkono. Mwanvita hakupiga kelele wala hakumtukana, na laiti angemtukana.

"Nilikuona unakuja," alisema. "Nikasema huyu ni Mzee Mbaruku, ataniona, atangoja nifunge mzigo."

Mbaruku alimwomba radhi, akamwomba tena, na Mwanvita akamwambia yameisha, mguu uko salama. Lakini kwake yeye hayakuwa yameisha. Alichomoa ufunguo, akamkabidhi mwenye shamba, akampigia simu Abdulswamad akamwambia atafute dereva mwingine, leo, na amwambie huyo dereva atazame pande zote. Kisha akakaa chini kivulini pa trekta akalia mbele za watu. Mstari ule wa tano uliishia katikati ya shamba. Katika miaka thelathini na mmoja ulikuwa wa kwanza kuachwa hivyo.

Aliporudi Zinga alipitia stesheneri kabla ya kufika nyumbani. Alimwambia Nadhira maneno mawili tu: ni kweli. Nadhira hakutaka kuombwa radhi. Alifungua droo akatoa karatasi yenye namba ya kliniki ya macho ya Dar, ambayo alikuwa ameshaiandika tangu Ijumaa, kwa herufi kubwa.

Jumatano wakaenda kliniki, Mbaruku na Bi Sikuzani, aliyekuwa ameambiwa tu kwamba macho yanawasha. Mbaruku aliwekwa mbele ya mashine, akapewa kitufe, akaambiwa akibonyeze kila anapoona nukta ya mwanga. Aliona chache mwanzoni, halafu kimya kirefu. Ilimjia kusema mashine imeharibika. Akameza maneno, akangoja, na ile nukta iliyofuata ilichukua muda mrefu sana kuja.

Baadaye wakaitwa ndani wote wawili. Daktari alikuwa binti mdogo tu, akawaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akawaonyesha karatasi yenye weusi mwingi. Jicho la kushoto, alieleza, limebakiwa na tundu dogo la katikati, na la kulia nalo limeanza kuliwa kwa upande wa pua. Ndiyo maana mzee anaona mbele vizuri na kushoto haoni. Kilichokwenda hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Na kuendesha chombo chochote, basi. Mbaruku alitikisa kichwa kukubali. Hilo alikuwa ameshalimaliza mwenyewe kule Makurunge.

"Baba, upande huu umeanza lini kutoona?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

"Ijumaa iliyopita," akasema Mbaruku.

"Mwaka juzi," akasema Bi Sikuzani. "Mwezi wa Ramadhani."

Mbaruku akageuza shingo yote kumtafuta mkewe. Alikuwa amekaa kushoto kwake, anasokota ncha ya mtandio. Akaeleza akimwelekea daktari, kana kwamba kumwambia mumewe mwenyewe kungekuwa ni kumwaibisha. Mwaka juzi, wakati wa kufuturu, alikuwa anaweka kisahani cha tende mkono wa kushoto, kama siku zote, na siku tatu mfululizo mzee alilalamika kwamba nyumba hii siku hizi haina tende. Yeye alidhani anataniwa. Siku ya nne akakihamishia kulia, na mzee akala, akamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kila kitu anakiweka kulia, kikombe, tasbihi, taa. Na wakitembea, anakaa yeye kushoto, kwa ajili ya mashimo na bodaboda.

Mbaruku alikuwa ameliona hilo la kutembea. Alidhani mkewe amezidi kumpenda uzeeni, na alikuwa ametamba nalo kwa Abdulwahab.

"Mama Jasmin, miaka miwili. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," akasema Bi Sikuzani. "Mtu anakosaje kuona halafu asijue? Nikasema hataki kusemwa, basi nisimseme. Na watu wote wanasifu mistari yako. Nikajua huko shambani Mungu amekuachia macho."

Daktari aliinamia karatasi zake, akaandika polepole kuliko ilivyohitajika. Mbaruku alikuwa anarudi nyuma kichwani, njia moja baada ya nyingine, ya msikitini, ya sokoni, ya kwa Jasmin, na katika kila njia alikuwa anamweka mkewe mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kupatazama.

Walipotoka na chupa yao ya matone, Bi Sikuzani akapita nyuma ya mumewe, akaenda upande wake. Mbaruku hakumwona, na kwa mara ya kwanza alijua kwamba hamwoni.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaukuta wa mkewe umeshanyooshwa.